Kadi ya Miezi Minne

Miaka kumi na tisa nimekalia kigoda hiki
mlangoni pa bwalo, chuo kidogo cha Dakota ya Kaskazini.
Napokea kadi, naipitisha, mashine inalia ti,
nasema, "Habari yako?"
Nao husema, "Nzuri, yako?" wakiwa wameshafika kwenye viazi.
Mara mia tisa kwa siku. Niliwahi kuhesabu.
Hakuna aliyewahi kunipa habari,
na mimi, kusema kweli, sikuwa na pa kuiweka.

Agosti akaja huyu,
mfupi, nyusi nzito, kadi ingali na joto la kuchapwa:
TAMTA, halafu jina la ukoo refu kama treni ya mizigo
inayotukatia barabara pale kwenye ghala la ngano.
Mwanafunzi wa kubadilishana, muhula mmoja tu. Kutoka Jojia.
Nikamwambia nina binamu Jojia, Atlanta, unamjua?
Akasema Jojia yake ni ile nyingine,
ile ya Bahari Nyeusi.
Nikaona haya. Nikakimbilia ninalolijua:
"Habari yako?"

Akasimama.
Akafikiri. Nilimwona akifikiri.
Akasema hakulala; godoro limevikwa plastiki
na kila akigeuka linalia kama mfuko wa dukani;
kwamba Brielle, mwenzake wa chumbani,
huwasha feni usiku kucha, hata kwenye baridi,
ili asisikie kimya;
na kwamba asubuhi alisahau mto unaitwaje kwa Kiingereza,
akaukumbatia hivyo hivyo, bila jina.

Foleni ilifika kwenye mashine ya soda.
Mchezaji mmoja wa mpira akakohoa, kikohozi cha makusudi.
Nami nimeishika kadi hewani
kama mtu apigaye hodi kwa mazoea
siku moja akaambiwa, karibu.

"Ardis," msimamizi akaniita, "mstari unakwama."
Nikasema ndiyo, nikaendelea kuukwamisha.

Septemba: profesa hutoa alama kwa kusema darasani.
Yeye husema akiwa na la kusema. Akapata C.
Debe tupu la safu ya mbele lilipata A.
Oktoba: theluji ya huku haianguki, inapita ubavu,
kama ina miadi Minnesota.
Novemba: watu kumi na wanne wamemwambia,
"Lazima uje kwetu siku moja!"
Amewahesabu kwa vidole, mikono ikamwishia.
Hakuna aliyetaja siku.

Bwalo hufungwa siku nne, Sikukuu ya Shukrani.
Na mimi nilishamwambia, nikifuta kaunta. Wa kumi na tano.
Nikataja siku.

Alikuja na mfuko wa lozi na viatu vilivyolowa.
Bata mzinga wa watu wanane, watu wawili.
Akaketi kiti cha Kory bila kujua ni cha Kory,
akaweka uma chini, akauliza,
"Habari yako?"
Akangoja.

Ukutani saa ilikuwa na kelele siku ile.
Nikaanza na goti, maana goti ni rahisi.
Kisha nikamweleza mwanangu, aliye Spokane,
aliyenipigia mara ya mwisho Pasaka,
na nilichomwambia hiyo Pasaka,
ambacho sijamweleza hata mchungaji.
Mchuzi ukaganda kwenye bakuli.
Hakunipa pole. Aliniongezea kiazi.

Desemba kumi na sita mashine ikalia mara mbili, taa nyekundu.
Muhula umekwisha Ijumaa; ndege yake ni Jumapili;
kadi haijui kwamba mtu hula Jumamosi.
Nikampitisha.
Msimamizi alikuwa akikagua dari.

Sasa ni Januari, baridi ya kupasua matairi.
Kijana wa kofia, masikio yameshonwa kwa muziki.
"Habari yako?"
"Nzuri," macho yako kwenye piza,
mkono umenyooka kudai kadi.

Akaivuta.
Sikuiachia.